Hali ya hatari: Sababu za kaunti ya Marekani kuirefusha theluji ikishayeyuka

THELUJI iliyoanguka katika milima ya San Bernardino, kusini mwa jimbo la California, mwishoni mwa Februari 2023 ilizidi kimo cha mita mbili na nusu katika baadhi ya maeneo. Ofisi ya utabiri wa hali ya hewa ya San Diego ilitoa tahadhari ya tufani ya theluji kwa mara ya kwanza katika historia yake. Barabara za kupanda milimani zilifungwa. Wakazi wa Crestline, Lake Arrowhead na vitongoji jirani walikwama majumbani, wengine kwa zaidi ya juma moja, huku wazee wakiishiwa na dawa. Paa la duka kubwa la vyakula mjini Crestline liliporomoka kwa uzito wa theluji, wakati ambapo chakula kilihitajika mno.

Watu zaidi ya kumi walipatikana wamefariki milimani siku hizo, ingawa maafisa walihusisha kifo kimoja tu moja kwa moja na dhoruba hiyo. Wakazi wengi walilalamika kwamba msaada ulichelewa.

Kaunti ya San Bernardino ilitangaza hali ya hatari mnamo Februari 27. Machi 1, Gavana Gavin Newsom naye akaitangaza katika kaunti 13, hiyo ikiwemo.

Mkenya wa makamo asikiapo maneno "hali ya hatari" hukumbuka Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipoanza kuwatia watu vizuizini kwa maelfu. Tangazo la kaunti ya California ni la namna nyingine. Sheria huruhusu hata kafyu, lakini kazi yake kubwa ni kuiwezesha kaunti kukodisha matingatinga bila kungoja zabuni, kuomba wafanyakazi kutoka kwa majirani, na kudai fedha kwa serikali ya jimbo. Tena kwetu gavana wa kaunti hana mamlaka hayo. Katiba ya 2010 imempa Rais, kwa siku 14, na Bunge ndilo linaloweza kuongeza muda.

Huko California mwongozo ni sheria ya mwaka 1970 kuhusu huduma za dharura. Tangazo likitolewa na afisa, Bodi ya Wasimamizi wa kaunti sharti iliidhinishe katika siku saba, la sivyo hufa. Baada ya hapo bodi hulichunguza upya angalau mara moja kila siku 60, hadi itakapoamua kulifuta. Huko ndiko kurefusha kwenyewe: kura katika kikao cha kawaida, mara nyingi bila mjadala mrefu.

Mtu atauliza, ya nini basi ilhali theluji imekwisha? Jibu ni kwamba hasara nyingi huonekana baada ya kuyeyuka. Maji hubomoa kingo za barabara, mifereji huziba, na miteremko iliyolowa huporomoka. Kazi ya kukarabati huchukua miezi, na jimbo laweza kurejesha hadi asilimia 75 ya gharama zinazokubalika, mradi tangazo lilitolewa katika muda wa siku 10 tangu tukio.

Hatari yenyewe iko kwenye zabuni. Kandarasi inayotolewa bila ushindani ni mlango wazi kwa mwenye tamaa, na kwa hiyo sheria ya ununuzi ya jimbo imeweka kizuizi kingine: thuluthi mbili hazitoshi, bali wanne katika kila wajumbe watano lazima wakubali, na suala lirudi mezani katika kila kikao cha kawaida hadi kazi ikamilike.

Hata hivyo, tangazo la kaunti halimtilii mwenye nyumba senti mfukoni. Aliyebomokewa na paa hutegemea bima yake, au msaada wa serikali kuu, ambao hungojea tangazo la Rais. Kwa dhoruba zilizoanza Februari 21, Rais Joe Biden alitangaza maafa makubwa California mnamo Aprili 3, 2023.