Kabla ya Sensa Kulikuwa na Utingo

Madereva wa zamani wa malori ya mchele wa Kyela walilijua joto la injini kwa pua. Ziwa Nyasa liko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, Tukuyu inapita 1,500. Na mzigo juu! Rejeta ilichemsha, utingo akaruka na dumu la maji.

Marekani miaka ya 1910 walishafunga kipimajoto juu ya mfuniko wa rejeta. Ikaja geji ya dashibodi, kisha sensa ya leo: kidude chenye waya, mara nyingi karibu na themostati. Maji yakipata joto, kinapitisha umeme zaidi. Kompyuta inaelewa, inawasha feni.

Ila maji yakivuja yote, sensa inabaki hewani na inaweza kusoma “poa” huku silinda hedi inapinda. Utingo asingedanganyika hapo.