Sauti angavu ya simu: Faida yake na vikwazo vyake kwa vijiji kama Bodo

KATIKA Bodo, kijiji cha wavuvi kilichoko ukanda wa Msambweni, Kaunti ya Kwale, ambako abiria hupanda mashua za kuvukia kisiwa cha Funzi, mambo mengi ya riziki huamuliwa kwa mdomo. Bei ya samaki, uzito wa mzigo, saa ya kuondoka na nambari ya kutumiwa pesa hutajwa kwa simu kabla ya kuandikwa popote. Katika mazungumzo ya aina hiyo, neno moja likisikika vibaya huleta hasara. Anayetaja 'sitini' akasikika 'tisini' ameongezewa thelathini ambayo hakuikusudia, na kama hesabu ni ya maelfu, ugomvi hauko mbali.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa upepo, kwa injini ya mashua au kwa masikio ya anayesikiliza. Hayo yote huchangia. Hata hivyo, ipo sababu nyingine isiyoonekana: simu ya kawaida imeundwa kwa namna ambayo haisafirishi sauti yote ya msemaji. Teknolojia inayokusudiwa kuondoa kasoro hiyo huitwa HD, yaani sauti angavu. Imekuwapo duniani kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, lakini kuenea kwake kumekuwa kwa mwendo wa kobe, na mtu anaweza kuwa na simu mpya mkononi bila ya kuipata.

Simu inavyokata sauti

Sauti hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo katika kila sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia takriban hezi 20 hadi 20,000. Simu ya kawaida husafirisha zile zilizo kati ya hezi 300 na 3,400 pekee. Zilizo chini ya hapo na zilizo juu yake huachwa.

Mpaka huo uliwekwa kwa sababu za kiuchumi. Enzi ya nyaya za shaba, kampuni za simu zilitaka kupitisha mazungumzo mengi katika njia moja, nao wahandisi walibaini kwamba sehemu hiyo ndogo ya sauti inatosha msikilizaji kuelewa sentensi na kumtambua msemaji. Mitambo ya dijitali ilipoingia, ilirithi kipimo hicho hicho kwa kuchukua sampuli 8,000 za sauti kila sekunde. Simu za mkononi za GSM, zilizoanza Ulaya mwaka wa 1991, nazo zikafuata nyayo hizo.

Kinachopotea hakilingani kwa herufi zote. Irabu a, e, i, o na u zina nguvu nyingi katika masafa ya chini, kwa hivyo hupita salama. Konsonanti zinazotolewa kwa mkwaruzo wa hewa, hasa s na f, ndizo hudhurika, kwa kuwa sehemu kubwa ya mlio wa s huwa juu ya hezi 4,000. Simu ikishakata hapo, kinachobaki cha s na cha f hukaribiana sana. Ndiyo maana 'sisi' inaweza kufika sikioni kama 'fisi', na 'kusanya' kama 'kufanya'.

Katika mazungumzo ya kawaida, ubongo wa msikilizaji hujaza mapengo kwa kufuata maana. Hakuna atakayedhani kwamba fisi wanakuja harusini. Taabu huja pale ambapo maana haisaidii: katika nambari, majina ya watu, majina ya dawa na majina ya mahali mageni. Kiswahili kina mtego wake hapo. 'Sita' na 'tisa' zina sauti zile zile zilizobadilishana nafasi; kadhalika 'sitini' na 'tisini', 'kumi na sita' na 'kumi na tisa'. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Machi 2007, nambari zinazotamkwa kwa simu zimekuwa ni pesa taslimu.

Lugha za ukanda wa kusini huongeza uzito wa jambo hili. Chidigo, lugha ya wengi katika Kwale, kina sauti kama ts katika neno 'tsano', yaani tano, ambayo mkwaruzo wake uko juu. Vijiji vya ukanda wa Funzi vina Kichifundi, lahaja ya Kiswahili ya Washirazi wa sehemu hizo. Msikilizaji asiyeizoea lahaja hana ujuzi wa kujazia kilichokatwa na simu, na hivyo hulazimika kuuliza tena na tena.

Sauti angavu ni nini?

Sauti angavu hupanua mlango. Badala ya hezi 300 hadi 3,400, hupitisha takriban hezi 50 hadi 7,000, na badala ya sampuli 8,000 kila sekunde huchukua 16,000. Sauti nzito za kifua hurudi, na konsonanti za mkwaruzo hupata nafasi yake. Msikilizaji huhisi kana kwamba msemaji amesogea karibu.

Kazi hiyo hufanywa na kodeki, yaani programu inayofinyaza sauti upande mmoja na kuikunjua upande wa pili. Kodeki ya kwanza ya masafa mapana iliyokubaliwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) ilikuwa G.722 ya mwaka wa 1988, iliyotumika zaidi katika mikutano ya simu na utangazaji. Kwa simu za mkononi, kodeki iitwayo AMR-WB iliidhinishwa mwaka wa 2001, na ITU ikaipokea mwaka uliofuata kwa jina la G.722.2.

Jambo la kushangaza ni kwamba upanuzi huo haukuhitaji kuongeza mzigo mkubwa kwa mtandao. Kodeki ya zamani ya AMR hutumia hadi kilobiti 12.2 kwa sekunde; ile ya AMR-WB hutoa sauti angavu kwa kilobiti 12.65. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Kilichobadilika ni ufundi wa kufinyaza, wala si wingi wa data.

Hata hivyo, miaka ilipita kabla ya wateja kuonja matunda hayo. Mtandao wa kwanza wa simu za mkononi kutoa huduma hiyo kibiashara ulikuwa wa Orange nchini Moldova, Septemba 2009. Wakati huo kampuni mama ya Orange, France Telecom, ilikuwa pia na hisa nyingi zaidi katika Telkom Kenya, ilizonunua mwaka wa 2007. Mwaka wa 2014 kiwango kipya zaidi, EVS, kilikamilishwa. Hicho kinaweza kufikisha sauti hadi hezi 20,000.

Safari ya Kenya

Nchini Kenya, njia kuu ya sauti angavu imekuwa teknolojia ya VoLTE, inayopitisha mazungumzo ndani ya mtandao wa 4G kama data. Safaricom ilizindua 4G Desemba 2014, lakini kuwa na 4G hakukumaanisha kupiga simu kwa 4G. Mahali pasipo na VoLTE, simu huperuzi intaneti kwa 4G, na mara inapopigwa au kupiga hushuka hadi 3G au 2G ili mazungumzo yapite huko. Wateja wengi hawakujua kwamba wakati wa kuzungumza walikuwa wamerejeshwa katika teknolojia ya zamani.

Desemba 2017, kampuni ya Jamii Telecommunications ilianzisha mtandao wa Faiba 4G. Mtandao huo haukuwa na 2G wala 3G, kwa hivyo sauti haikuwa na pa kushukia. Ililazimika kupita kwa VoLTE. Wenye simu zisizokubali VoLTE walitakiwa kutumia programu maalumu ili kuzungumza. Baadaye Safaricom na Airtel nazo ziliingiza VoLTE katika mitandao yao.

Wakenya wengi, hata hivyo, walionja sauti pana kwingine. WhatsApp ilipoanza kutoa huduma ya kupiga simu mwaka wa 2015, watu waligundua kwamba mara nyingine jamaa aliyeko Muscat alisikika vizuri kuliko jirani aliyepiga kwa simu ya kawaida. Programu za aina hiyo hutumia kodeki za masafa mapana. Kasoro yake ni kwamba hutegemea bando la data na intaneti thabiti. Data ikiyumba, sauti hukatikakatika.

Masharti yanayopaswa kutimia

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Sauti angavu ni jambo la watu wawili, na haipatikani hadi masharti manne yatimie kwa pamoja.

Kwanza, simu ya anayepiga na ya anayepigiwa lazima zote ziwe na kodeki ya masafa mapana. Moja ikikosa, mitambo huteua kodeki ya zamani ambayo zote mbili zinaielewa.

Pili, kila mmoja awe mahali panapofikiwa na mawimbi ya kizazi kinachotoa huduma hiyo. Aliye mjini Ukunda mwenye 4G kamili hatafaidi kitu iwapo mwenzake yuko penye 2G pekee.

Tatu, mtandao wenyewe uwe umewasha huduma hiyo, na simu husika iwe miongoni mwa zile zinazotambuliwa na mtandao. Si kila simu iliyoandikwa 4G hupitisha sauti kwa 4G katika kila mtandao.

Nne, wanaozungumza wakiwa katika mitandao tofauti, kampuni hizo ziwe zimeunganisha mitambo yao kwa namna inayohifadhi sauti pana. Vinginevyo sauti hubadilishwa mpakani kuwa ya kawaida, na ikishakatwa hairudi.

Vikwazo vya vijiji vya ufuoni

Masharti hayo yanaeleza ni kwa nini mahali kama Bodo panaweza kuachwa nyuma hata huduma inapotangazwa kuwa ya nchi nzima. Mawimbi ya masafa ya juu, kama ya megahezi 1,800 na 2,100, hayaendi mbali kama yale ya 700, 800 na 900, na hudhoofishwa na miti na kuta. Kijiji kilichozungukwa na minazi na mikoko kinaweza kupata 2G kwa urahisi na 4G kwa kubahatisha.

Baharini hali ni tofauti tena. Hakuna nyumba za kuzuia mawimbi, lakini mnara huachwa nyuma. Kwa mpangilio wa kawaida, simu ya GSM haiwezi kuhudumiwa na mnara ulio zaidi ya kilomita 35, hata kama mawimbi yanafika. Kwa mvuvi aliye mbali na nchi kavu, swali la kwanza ni kama simu italia. Uangavu wa sauti hufuata baadaye.

Kikwazo kingine ni bei ya simu. Simu za vitufe, maarufu kama 'kabambe', hupendwa kwa kuwa ni rahisi, betri yake hudumu na hustahimili misukosuko. Nyingi ni za 2G. Zipo sasa za vitufe zenye 4G na VoLTE, lakini mnunuzi asipouliza hawezi kuzitofautisha kwa macho. Kiwanda cha kuunganisha simu za 4G kilichofunguliwa Athi River Oktoba 2023 kilikusudiwa kupunguza gharama hiyo.

Sheria nayo ina nafasi yake. Mabadiliko ya mwaka wa 2009 ya Sheria ya Habari na Mawasiliano yalianzisha Hazina ya Huduma kwa Wote, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA), ili kufikisha huduma mahali ambapo biashara pekee haivutii wawekezaji. Lakini kijiji kikihesabiwa kuwa kimefikiwa kwa sababu kina 2G, upungufu wa ubora wa sauti hauonekani katika hesabu hiyo.

Jinsi ya kutambua

Mtumiaji anaweza kujipimia mwenyewe. Atazame alama iliyo juu ya kioo wakati mazungumzo yakiendelea. Ikibaki 4G au ikionyesha VoLTE au HD, sauti inapita katika njia mpya. Ikibadilika kuwa H, 3G, E au 2G, simu imeshuka. Katika simu nyingi, VoLTE huwashwa katika mipangilio ya laini.

Sauti angavu haifuti kelele. Upepo wa ufuoni na mngurumo wa injini navyo husafirishwa, isipokuwa simu iwe na mfumo wa kupunguza kelele. Wala haiondoi haja ya tahadhari: kiasi cha pesa na nambari ya simu ni bora viandikwe kwa ujumbe mfupi, na muuguzi anayetaja kipimo cha dawa amtake anayesikiliza akirudie.

Hata hivyo, tahadhari hiyo isiwe kisingizio cha kuwaacha wengine na sauti iliyokatwa. Mwenye elimu na simu ya bei ghali anaweza kuandika, kutuma picha au kupiga kwa intaneti. Mzee asiyesoma, mama anayeuliza hospitali ya Msambweni kuhusu mwanawe mgonjwa na mvuvi mwenye mikono iliyolowa hutegemea masikio pekee. Hao ndio wenye haja kubwa zaidi ya sauti kamili, na kwa mpangilio wa minara na bei za simu, hao ndio huipata mwisho.