Nzi miguu-mirefu

Nzi miguu-mirefu ni nzi wadogo wa familia Dolichopodidae katika oda Diptera. Familia hii, iliyopewa jina na Mfaransa Pierre André Latreille mwaka 1809, ina spishi zaidi ya 7,000 duniani.

Wengi wana urefu wa milimita 1 hadi 9, miguu myembamba na mwili wa kijani au buluu unaong'aa kama metali. Wapevu huwinda utitiri, vidukari na wadudu wengine laini, hivyo huwafaa wakulima. Mabuu wengi huishi katika udongo wenye unyevu, nao pia ni mbuai. Madume wa spishi kadhaa huwa na mapambo miguuni ya kuwavutia majike.

Viungani mwa Dar es Salaam, kama Wazo, mahali pa kuwatafuta ni majani yenye kivuli, bustani za mboga na kingo za vijito.

Mrusi Igor Grichanov ameeleza spishi mpya nyingi za Afrika, zikiwemo za Tanzania. Spishi hutambuliwa hasa kwa viungo vya uzazi vya dume, na kielelezo cha kila spishi huhifadhiwa katika makumbusho. Kuharibu misitu kunaweza kuangamiza spishi za nzi hawa kabla hazijapewa majina.