Bamvua ya Kimbunga

Ukitamka "kimbunga", msikilizaji huona paa likipeperuka na minazi ikilala. Anaona upepo. Lakini tarehe 8 Septemba 1900, mji wa Galveston, Texas, uliangamizwa zaidi na maji. Kwa Kiingereza maji hayo huitwa storm surge. Sisi tuyaiteje?

Tafsiri inayokuja upesi ni "wimbi la dhoruba", nami naikataa. Wimbi huja, huvunjika, hurudi. Haya ni bahari nzima iliyopanda. Upepo huisukuma kwa saa nyingi kuelekea pwani; ikifika penye kina kifupi hukosa njia, inajaa juu. Mgandamizo mdogo wa hewa katikati ya kimbunga nao huinua maji, kama sentimita 1 kwa kila milibari 1 inayopungua. Mawimbi huja juu ya hayo yote.

Galveston umejengwa juu ya kisiwa cha mchanga, na wakati ule mahali palipoinuka kabisa hapakufika mita 3. Bahari ilipanda zaidi ya mita 4.5. Isaac Cline, mkuu wa kituo cha hali ya hewa, alikuwa mlangoni kwake maji yalipopanda zaidi ya mita 1 kwa mara moja. Mkewe alikufa usiku huo. Kwenye nyumba ya yatima ya St. Mary's, masista 10 walijifunga na watoto kwa kamba za kuanikia nguo, wasipoteane gizani. Masista wote walikufa, pamoja na watoto 90. Wavulana watatu waliokoka, wameng'ang'ania mti. Mji mzima ulipoteza watu wasiopungua 6,000.

Wavuvi wetu wana neno la bahari inayojaa kupita kawaida: bamvua. Ni kweli, bamvua huletwa na mwezi, nayo ina siku zake. Ndiyo maana nasema "bamvua ya kimbunga", ijulikane imetoka wapi. Mtu wa Mafia au Kilwa akilisikia redioni hatahitaji kufafanuliwa. Atajua kwamba kukaza mabati hakutoshi, kwamba ufukweni hapakaliki. Na kimbunga kikiangukia siku za bamvua ya mwezi, atajua maji mawili yanapandana, awahamishe watoto kwenda mwinuko kungali mchana.