pH ilikuwa kwa sufuria ya shosho kabla ifike darasani

Wasee, tuongee ukweli. Nikiwa fomu tu nilikariri pH kama wimbo: chini ya 7 ni asidi, 7 ni katikati, juu ya 7 ni alkali. Nikapita mtihani, nikasahau. Kwangu hiyo ilikuwa stori ya wazungu na chupa zao.

Kipimo chenyewe kweli ni chao. Mwaka wa 1909 Søren Sørensen, mwanakemia wa maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg kule Copenhagen, alitafuta njia rahisi ya kuonyesha asidi kwa namba. Kila hatua moja ni mara 10.

Sasa cheki ramani. Kusini magharibi mwa Nairobi kuna Ziwa Magadi, pH yake karibu 10. Kutoka 7 ya maji safi umepanda hatua 3, yaani alkali mara 1000! Mwaka wa 1911, miaka 2 tu baada ya Sørensen, kampuni ya Magadi Soda ikaanzishwa chini ya wakoloni. Reli ikajengwa kutoka Konza hadi ziwani, magadi ikasafirishwa ng'ambo kutengeneza vioo na sabuni.

Lakini alkali haikuja na reli. Kule magharibi mwa Kenya, kina mama walikuwa wakichoma maganda ya maharagwe, wanapitisha maji kwa majivu, wanachuja. Waluhya huita mushelekha. Hiyo ni alkali, na ndiyo hulainisha mrenda na kunde. Hapa Kangemi bado kuna nyumba zinapika hivyo, zingine zinatumia magadi.

Shosho yangu hakuwahi kusikia pH. Lakini nyanya aliweka mwisho, maharagwe yakishaiva, kwa sababu asidi ya nyanya huyachelewesha. Munyu alipima kwa ulimi, maana ukizidi mboga inaonja sabuni. Huyo alikuwa anafanya kemia kila jioni.

Maoni yangu ni haya: Sørensen alitupa namba, na namba ni muhimu, kwa sababu ulimi hauwezi kupima kila kitu. Ila ujuzi wenyewe ulikuwa jikoni kwetu. Mtoto wa Kangemi akianzishiwa hapo, hatakariri kama mimi. Ataelewa.

Kwenu mnatumia magadi ama mushelekha? Uliza shosho leo, kabla hiyo elimu ipotee naye.