Kusoma Bila Hukumu: Maisha ya Kila Siku Baada ya Kuacha Dini Kali

Tarehe 27 Julai 1656 viongozi wa jumuiya ya Wayahudi wa Kireno mjini Amsterdam walimtenga kijana wa miaka 23, Baruch Spinoza. Hati ya kumtenga inautaja uzushi wake kwa jumla tu, bila kueleza ni uzushi gani. Ikifika kwenye adhabu, haibahatishi: mtu asiseme naye, asimwandikie, asimtendee hisani yoyote, asikae naye chini ya paa moja, asimkaribie kwa dhiraa nne, wala asisome chochote alichokitunga. Waliomtenga hawakusumbuka kumjibu. Waliona inatosha kumwondolea salamu, paa na wasomaji, na nadhani walikuwa na sababu ya kuona hivyo.

Masimulizi ya watu walioacha dini zenye masharti makali yamekuwa tanzu inayojitegemea katika soko la vitabu la Marekani na Ulaya, na muundo wake unatabirika. Mtoto analelewa ndani ya uzio, kitabu cha nje kinapenya, macho yanafumbuka, mtu anatoka. Habari hiyo naikubali nusu. Dini kali, hasa zile zenye Maandiko, haziwanyimi waumini wake kusoma. Mara nyingi huwasomesha kuliko majirani zao. Wanachofundishwa ni kusoma kwa kutafuta hukumu: kila ukurasa uulizwe unaruhusu nini, unakataza nini, na unamdai nini msomaji. Ninachodai katika makala hii ni kwamba usomaji wa namna hiyo huishi muda mrefu kuliko imani iliyouzaa. Tena hauondolewi na kitabu kingine chenye hoja nzito zaidi. Ukiondoka, huondolewa na mambo ambayo wanahistoria wa fikra huyaona madogo: chakula, sikukuu, saa za mapumziko, barua kutoka nyumbani.

Shahidi wangu mkuu ni Edmund Gosse, mhakiki wa fasihi wa Uingereza aliyezaliwa London mwaka 1849. Wazazi wake walikuwa wa kundi la Plymouth Brethren, Wakristo waliokataa makasisi na sikukuu, na waliomsubiri Bwana arudi wakati wowote. Kumbukumbu zake, Father and Son, zilitoka mwaka 1907 bila jina la mwandishi. Baba yake, Philip Henry Gosse, alikuwa mtaalamu wa viumbe vya baharini. Vitabu vyake viliwafanya Waingereza wa miaka ya 1850 wajaze sebule zao vioo vya kufugia samaki na konokono. Nyumba hiyo basi haikuwa na njaa ya vitabu. Kulikuwa na vitabu vya jiografia, vya safari, vya ndege na wadudu, na mtoto aliruhusiwa kuvipekua. Kilichokosekana ni hadithi. Mama yake, Emily, alipokuwa mtoto alikuwa na kipaji cha kutunga visa, mpaka mlezi wake alipomwambia kwamba kutunga visa ni dhambi. Akaiamini hukumu hiyo hadi alipofariki mwaka 1857, na mwanawe akakua bila kusimuliwa hata ngano moja.

Siku moja, katika chumba cha kuwekea mizigo, mtoto huyo alifungua sanduku tupu la ngozi. Ndani ya kifuniko chake palikuwa pamebandikwa kurasa za riwaya ya kusisimua, kama bitana. Akapiga magoti kwenye sakafu isiyo na zulia na kuanza kusoma: bibi wa ukoo mkubwa analazimika kukimbia nchi, na maadui wanamfuata nyuma. Maandishi yakakatika katikati ya sentensi, pale pale kisa kilipopamba moto.

Wahakiki wanakipenda kipande hiki kwa sababu kinaonekana kuthibitisha nguvu ya fasihi: hata karatasi ya bitana inaweza kumfungulia mtoto ulimwengu. Mimi nakisoma vingine. Gosse mwenyewe anaeleza kwamba, kwa kuwa hakujua kama kuna kitu kinachoitwa kisa cha kubuni, aliamini yote ni taarifa ya kweli. Riwaya ilipenya uzio, lakini usomaji haukubadilika hata kidogo. Alichokisoma kwenye kifuniko alikisoma kama alivyokuwa akisoma Waraka kwa Waebrania mbele ya baba yake. Kama kitabu kingekuwa ufunguo, basi hapa ufunguo uliingia kwenye kitasa na mlango haukufunguka.

Linganisha na kisa cha Krismasi ya 1857. Baba alikuwa amepiga marufuku sikukuu hiyo nyumbani, akiihesabu kuwa ibada ya kipagani. Watumishi wa jikoni wakajipikia keki ndogo ya matunda kwa siri, wakamwonea huruma mtoto na kumkatia kipande. Tumbo likamuuma, dhamiri ikamuuma zaidi, akaenda kukiri kwa baba yake kwamba amekula kilichotolewa kwa sanamu. Baba akamshika mkono, akaingia naye jikoni mbio, akaichukua keki iliyobaki, akaenda kuifukia katika lundo la majivu. Kwa mtoto aliyefundishwa kwamba kila kitu kina upande wake, keki nayo ni maandiko ya kutolewa hukumu, na tumbo ni mahali pa kuitolea.

Hata uasi wake wa kwanza ulifuata kanuni hiyo hiyo. Alipoambiwa kwamba Mungu hukasirikia ibada ya sanamu, aliamua kujaribu: akainua kiti akakiweka juu ya meza, akapiga magoti, akakiomba kiti. Kisha akasubiri. Hakuna kilichotokea. Jaribio hilo ni la kisayansi kabisa, na lilistahili mtoto wa mwanasayansi, ila swali lake lilikuwa bado ni lile la baba: je, nitahukumiwa? Baba naye, katika mwaka huo huo wa 1857, alichapisha Omphalos, kitabu kinachodai kwamba Mungu aliumba dunia ikiwa tayari na dalili za zamani ambazo hazikuwahi kuwapo, visukuku vya miambani vikiwemo. Wanasayansi walikikataa, na Wakristo wengi hawakufurahia kuambiwa kwamba Mungu ameandika historia ya uongo kwenye mawe. Hapo panaonekana mpaka halisi wa udadisi katika dini kali. Philip Henry aliruhusiwa kuona kila kitu, na aliona vizuri kuliko wengi wa wakati wake. Hakuruhusiwa kuona kabla ya kujua jibu.

Mwaka 1867, akiwa na miaka 17, Edmund alikwenda London kufanya kazi katika maktaba ya British Museum. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyozoeleka, kisa kingeishia hapa: kijana aliyenyimwa hadithi anaajiriwa katika mojawapo ya maktaba kubwa kabisa duniani. Lakini karibu kila siku ilimfikia barua kutoka kwa baba, ikimhoji kama amesali, ameketi na nani, roho yake iko katika hali gani. Naye alikuwa akijibu. Mchana alizungukwa na washairi, jioni aliandika ripoti ya dhamiri yake. Aliposhindwa, hakushindwa kwa sababu amepata hoja. Alikuwa likizoni nyumbani, ndani ya kibanda cha kioo ambamo baba alikuza okidi, maswali yakaanza tena, na kijana akalipuka akitaka aachwe. Uchovu ulifanya kazi ambayo maktaba nzima haikuweza kuifanya.

Yaliyofuata hayasimuliwi sana na wanaompenda Gosse. Mwaka 1884 alichaguliwa kutoa mihadhara ya fasihi huko Cambridge, na mihadhara hiyo ikawa kitabu mwaka uliofuata. Mwaka 1886 John Churton Collins alikichambua katika jarida la Quarterly Review na kuanika makosa kwa wingi wa kutisha: tarehe, majina, hata vitabu ambavyo ilionekana mwandishi hajavisoma. Baadaye sana Ann Thwaite, aliyeandika wasifu wa mwana na, mwaka 2002, wasifu wa baba, alionyesha kwamba hata Father and Son imeupinda ukweli. Philip Henry wa nyaraka alikuwa mtu mchangamfu na mpole kuliko yule wa kumbukumbu. Mimi siuoni uzembe huu kama kasoro ya tabia tu. Gosse alipoitupa hukumu, alitupa pamoja nayo uhakiki wa maneno uliokuja nayo kifurushi kimoja. Baba aliyechora viumbe wa baharini kwa usahihi mkubwa, na aliyelazimisha kila aya ijadiliwe neno kwa neno mezani, alikuwa amemfundisha kitu cha thamani ambacho mwana alishindwa kukitenganisha na mateso yake. Wanaodhani kwamba anayetoka kwenye dini kali anatoka kwenye giza na kuingia kwenye nuru ya usomaji wafikirie Cambridge ya 1886.

Afrika Mashariki inatupa mfano wenye sura nyingine. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika ulifanya mwenendo wa kila siku kuwa jambo la kuhojiwa hadharani. Waliookoka walisimama mbele ya wenzao wakataja deni walilolificha, pombe, wivu, ugomvi wa nyumbani. Harakati hiyo haikuwa kanisa la pekee. Ilikaa ndani ya makanisa ya kawaida, wakiwemo Wapresbiteri wa Kenya. Hayati Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyesoma Alliance High School kuanzia 1955 hadi 1958, alipitia humo kipindi cha ulokole wa dhati. Machi 1970, mbele ya mkutano mkuu wa kanisa hilo la Wapresbiteri, PCEA, alianza kwa kusema kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala hata si Mkristo. Mzee mmoja alisimama akamtikisia fimbo, akamkemea. Baada ya hapo Ngũgĩ aliacha kuitwa James, jina lake la Kikristo.

Kujitoa huko kulikuwa kwa wazi na kwa maneno. Lakini mwaka 1980 ilitoka riwaya yake Caitaani Mutharaba-ini, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani, na humo mfano wa talanta wa Injili ya Mathayo unafanya kazi kuliko fundisho lolote la Marx. Na mwaka 2012, miaka 42 baada ya mkutano ule, aliziita kumbukumbu zake za Alliance In the House of the Interpreter, jina lililotoka katika The Pilgrim's Progress ya John Bunyan. Katika Nyumba ya Mfasiri, msafiri huonyeshwa picha moja baada ya nyingine na kila moja huambatanishwa na maana yake moja. Ngũgĩ alilitumia jina hilo kwa kejeli, akiielekeza kwa shule ya kikoloni. Pamoja na hayo, riwaya zake za baada ya 1970 zimejaa picha za aina hiyo hiyo: bepari ni mwizi, kanisa ni dawa ya usingizi, na msomaji haachiwi nafasi kubwa ya kusitasita. Nazithamini riwaya hizo. Ninachosema ni kwamba aliibadilisha mahakama bila kuivunja, na tofauti na Gosse, nidhamu aliyoirithi aliitumia hadi senti ya mwisho.

Kwa wanawake jambo la saa na mahali lina uzito zaidi. Deborah Feldman, aliyezaliwa mwaka 1986 na kulelewa na babu na bibi miongoni mwa Wayahudi wa Kihasidi wa kundi la Satmar huko Brooklyn, anasimulia jinsi alivyoficha vitabu vya Kiingereza chini ya godoro. Watu hukumbuka vitabu, Matilda ya Roald Dahl kwa mfano. Mimi nakumbuka godoro. Msichana ambaye ratiba yake yote inajulikana na watu wazima, kuanzia jiko hadi maandalizi ya Sabato, anasoma katika dakika za kuiba, na usomaji wa kuiba una haraka ya kutaka jibu. Udadisi unahitaji mtu aweze kusoma ukurasa usio na faida, kisha aufunge na kwenda kuchemsha chai bila kuulizwa.

Hilo linaturudisha kwenye gharama ya kutoka, ile aliyotozwa Spinoza, na hapa miji yetu inajua kuliko Brooklyn. Kwetu watu wachache hutangaza kwamba wameacha dini. Wanachelewa. Mkatoliki wa Dar es Salaam hukosa jumuiya ndogo ndogo Jumamosi moja, kisha mbili, mwisho michango inapelekwa na mkewe. Hakuna anayemuuliza anaamini nini kuhusu Utatu Mtakatifu. Anaulizwa, siku ya msiba, nani atamzika mama yake, na kama padri atakuja kwa mtu asiyeonekana kwenye jumuiya. Swali hilo halijibiwi na kitabu chochote, na wengi wenye vitabu vingi vichwani hurudi kwenye jumuiya kwa sababu yake. Siwaoni kuwa wanafiki. Wamepima maturubai, viti vya kukodi, sufuria kubwa na watu wa kuchimba kaburi, wakaona kwamba udadisi wao unaweza kukaa kimya Jumamosi asubuhi.

Pingamizi kubwa dhidi ya makala hii ni ushahidi wake. Nimetegemea waandishi, na mwandishi hawezi kukosa kuona kitabu kwenye njia ya maisha yake. Walioacha dini kali kwa sababu ya ndoa, ya zamu za Jumapili kiwandani, au ya kuchoka tu, hawakuandika kumbukumbu, na huenda ndio wengi. Pingamizi hilo ni la haki, ila linaipa hoja nguvu: ikiwa hata wasomi hawa walifunguliwa na uchovu, majina na godoro zaidi kuliko na maktaba, sioni sababu ya kudhani kwamba wasioandika walifunguliwa kwa hoja. Utafiti wa kuwapata unawezekana. Jumuiya na vigango vingi hutunza daftari za mahudhurio na michango, na ndani yake kuna historia ya watu kuondoka kidogo kidogo ambayo haijaombwa kusomwa. Mtafiti atakayeanza na daftari hizo, kisha akawatafuta wenye majina na kuwauliza wanafanya nini siku hizi Jumapili kati ya saa nne na saa saba, atajua kuhusu udadisi wao mambo ambayo swali la kitabu gani kiliwabadilisha haliwezi kuyafichua.