Ngome na Mji wa Kale, Mombasa

Wageni wetu huwapeleka kwanza Ngomeni. Si vibaya: Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa jela. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Lakini Msikiti wa Mandhry, ambao yasemekana ulijengwa yapata mwaka 1570, uliitangulia Ngome, na hata leo watu husali humo. Twaona, basi, kuwa huu ulikuwa mji kabla ya mizinga. Mizinga ina walinzi wake. Milango ya nakshi ya Ndia Kuu yamtegemea mwenye nyumba, naye chokaa, boriti na fundi vyote vyamtaka fedha.